MICHEZO NA BURUDANI KWA WATU WENYE ULEMAVU: WAJIBU WA KILA SHEHIA

Ukurasa huu unawaeleza masheha, walimu, wazee na viongozi wa vikundi vya michezo juu ya jambo moja ambalo aghalabu huachwa nyuma kila inapozungumzwa hali ya watu wenye ulemavu, nalo ni nafasi yao katika michezo na burudani za mitaani. Matibabu huzungumzwa, elimu huzungumzwa na ajira pia huzungumzwa, na hivyo ndivyo inavyostahiki. Lakini mchezo huonekana kuwa ni jambo la ziada, la kufikiriwa baada ya mengine yote kukamilika. Madhumuni ya maelezo haya ni kuonyesha kwamba fikra hiyo si sahihi, na kwamba shehia yoyote ya Unguja au Pemba inaweza kuanza kuirekebisha kwa vitu ilivyo navyo.

HALI ILIVYO

Baada ya sala ya alasiri mitaa yetu hubadilika. Vijana huelekea uwanjani, watoto hucheza nage na kuruka kamba, na wazee hukaa barazani wakacheza bao, dhumna au karata hadi jua linapokuchwa. Siku za Idi umati hukusanyika Mnazi Mmoja na Kariakoo mjini Unguja, na Tibirinzi huko Chake Chake, na watoto wakavaa nguo mpya wakatoka kwenda kutembea.

Wakati huo huo, katika nyumba nyingi yupo mtu ambaye furaha hiyo huisikia kwa mbali, akiwa ndani. Hakuna aliyemkataza kutoka. Ila mlangoni pana vidato vitatu, njiani pana mchanga unaozamisha magurudumu, mpira unaochezwa hautoi sauti ya kumwongoza asiyeona, na refa anapuliza filimbi ambayo kiziwi haisikii. Aliyefika mara moja akakaa pembeni bila ya kuitwa, mara ya pili haji. Kidogo kidogo watu wa nyumbani nao huacha kumwuliza kama anataka kutoka.

Idadi ya watu hao si ndogo. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makaazi ya 2022, Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773, na miongoni mwa wenye umri wa miaka 7 na zaidi, zaidi ya mmoja katika kila kumi alibainika kuwa na ulemavu wa aina moja au nyengine. Kwa upande wa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka huo huo wa 2022 kwamba watu wenye ulemavu mkubwa wanafikia bilioni 1.3, yaani mtu mmoja katika kila sita. Hivyo basi, tunapozungumza habari za watu hao, tunawazungumza jamaa zetu na majirani zetu, na kila anayejaaliwa umri mrefu huenda naye akawa miongoni mwao.

KWA NINI MCHEZO SI JAMBO LA ZIADA

Sababu ya kwanza ni afya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2020 kuhusu mazoezi ya mwili uliwataja watu wenye ulemavu kwa mara ya kwanza, ukaelekeza kwamba mtu mzima mwenye ulemavu naye anahitaji dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto mwenye ulemavu anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Mtu anayeshinda amekaa au amelala hukabiliwa na maradhi ya moyo, kisukari na unene, misuli yake hudhoofika na viungo vyake hukakamaa. Madhara hayo hayaletwi na ulemavu wenyewe, bali huletwa na kukaa bila ya harakati, na kwa hiyo yanaweza kuepukwa.

Sababu ya pili ni ya kijamii, na pengine ndiyo iliyo nzito zaidi. Katika visiwa vyetu habari hupita barazani na uwanjani. Hapo ndipo mtu hujua kwamba kuna nafasi ya kazi, kwamba wataalamu wa macho watafika kituo cha afya siku fulani, kwamba kikundi cha kuweka na kukopa kinaandikisha wanachama, au kwamba jirani fulani anatafuta fundi wa kushona. Hapo ndipo watu huzoeana, wakaaminiana, wakachaguana katika kamati, na hata wakaposana. Asiyekuwapo barazani habari hizo hazimfikii, au humfikia zikiwa zimekwisha. Kwa hivyo anayesema tumtafutie kazi kwanza na mchezo utakuja baadaye, hajaona kwamba mara nyingi kazi yenyewe hupatikana kwa kujuana, na kujuana hupatikana katika mikusanyiko kama hiyo. Mtu ni watu. Aliyetengwa na watu amepungukiwa na mengi zaidi kuliko mchezo.

Sababu ya tatu ni haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Disemba, 2006, na Tanzania iliuridhia 2009. Kifungu cha 30 cha Mkataba huo kinahusu maisha ya utamaduni, burudani, mapumziko na michezo. Kinazitaka nchi ziwawezeshe watu wenye ulemavu kushiriki katika michezo ya kawaida pamoja na wenzao, kuandaa na kuendesha michezo iliyo makhsusi kwao, na kuingia katika viwanja na sehemu za starehe. Aidha, kinataka watoto wenye ulemavu wapate nafasi sawa na watoto wengine katika kucheza, ikiwemo michezo ya skuli. Kabla ya hapo, Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 ulikwisha kuitaja haki ya kila mtoto ya kupumzika na kucheza. Hapa Zanzibar Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu Namba 9 ya 2006, na 2022 ikatungwa sheria mpya badala yake. Basi anayemfungulia jirani yake njia ya kufika uwanjani anatimiza wajibu, na jirani huyo hadaiwi shukurani kwa kupewa kilicho chake.

MICHEZO HII ILIANZAJE

Ni vyema ikaeleweka kwamba michezo ya watu wenye ulemavu inayoonekana leo katika mashindano makubwa ilianza kwa udogo sana. Mwaka 1948 daktari Ludwig Guttmann, aliyekuwa akiwatibu askari waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, aliandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale. Washindani walikuwa 16 tu, wote wakiwa katika viti vya magurudumu. Miaka 12 baadaye, mjini Rome, yalifanyika mashindano yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Paralimpiki, yakiwa na wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23.

Viziwi waliwatangulia, kwani mashindano yao ya kwanza ya kimataifa yalifanyika Paris mwaka 1924. Ama watu wenye ulemavu wa akili, mashindano yao makubwa ya kwanza, yaliyoasisiwa na Bibi Eunice Kennedy Shriver, yalifanyika Chicago mwezi wa Julai, 1968. Kwa upande wa nchi yetu, timu ya Taifa ya mpira wa miguu ya watu waliokatika viungo, ijulikanayo kwa jina la Tembo Warriors, ilicheza fainali za Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022 na kufika robo fainali. Wachezaji wa uwanjani hukimbia kwa magongo na kupiga mpira kwa mguu mmoja, na mlinda mlango ni mtu mwenye mkono mmoja.

Mifano hii haikutajwa ili kila shehia itafute bingwa. Wengi wanaocheza mpira mitaani hawatachezea timu ya Taifa, wala hakuna anayewauliza kwa nini wanacheza. Mtu mwenye ulemavu naye asitakiwe kuwa shujaa ndipo apewe nafasi. Na acheze kwa sababu anapenda, ashinde siku moja na ashindwe siku nyengine kama wenzake.

MICHEZO INAYOWEZEKANA KATIKA SHEHIA

Iko michezo mingi isiyohitaji gharama kubwa. Baadhi yake ni hii ifuatayo:

1. Bao. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, nalo huchezwa kwa mkono. Asiyeona anaweza kuhesabu kete kwa vidole akajua hali ya mchezo, mradi mwenzake ataje shimo alilolichezea. Kiziwi hahitaji chochote cha ziada. Linalotakiwa ni kuliweka bao mahali ambapo kiti cha magurudumu kinafika, badala ya juu ya baraza yenye vidato.

2. Mpira wa kengele. Mchezo huu, uitwao golboli, ulibuniwa 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Kila upande una wachezaji watatu, nao huubingirisha mpira wenye kengele ndani yake kuelekea goli la upande wa pili. Wachezaji wote hufungwa macho, hata wenye kuona kidogo, na watazamaji hunyamaza ili mpira usikike. Mpira wa mashindano una uzito wa kilo 1.25 na uwanja ni mita 18 kwa 9. Kwa kuanzia, mpira wa matambara ulioshonewa njuga ndani yake unatosha, na mistari ya uwanja huwekwa kwa kamba iliyofukiwa kidogo ili mchezaji aipapase kwa mkono au mguu. Vijana wenye kuona wakifungwa macho nao hucheza, na hapo ndipo hugundua nani hodari.

3. Mpira wa wavu wa kukaa. Mchezo huu ulianza Uholanzi 1956. Wachezaji hukaa chini na kusogea kwa mikono, na uwanja wake ni mdogo, mita 10 kwa 6. Wavu huwa na kimo cha mita 1.15 kwa wanaume na mita 1.05 kwa wanawake. Pwani yenye mchanga laini au uwanja uliotandikwa majamvi unafaa. Mwenye miguu mizima na asiyekuwa nayo hucheza katika timu moja, kwani wote wamekaa.

4. Kurusha kwa shabaha. Mchezo wa bochia ulikusudiwa wenye ulemavu mkubwa wa viungo. Kila upande una mipira sita, na kila mchezaji hujitahidi kuufikisha mpira wake karibu na mpira mweupe uliotangulizwa. Vifuko vilivyotiwa mchanga vinaweza kutumika. Asiyeweza kurusha hutumia mfereji wa ubao, na msaidizi wake huusogeza kama anavyoelekezwa. Katika mashindano, msaidizi huyo hulazimika kuupa uwanja mgongo, asiuone mchezo, ili asije akaamua yeye.

5. Kuogelea na kutembea majini. Maji huupunguzia mwili uzito, na mtu ambaye nchi kavu hawezi kusimama huenda akapiga hatua akiwa ndani ya maji yanayofika kifuani. Wavuvi wazoefu wa kila kijiji wanajua ufuo usio na mkondo na wakati unaofaa, na ni vyema wakashirikishwa.

6. Ngoma, maigizo na hadithi. Burudani si mbio na mipira pekee. Kiziwi hulihisi pigo la ngoma kwa miguu na kifua, na maigizo ya lugha ya alama ni sanaa inayojitegemea.

Sharti lile la msaidizi wa bochia linafaa kuwa mwongozo wa michezo yote. Anayemsaidia mtu mwenye ulemavu humpa mkono, hampi uamuzi. Mchezaji ndiye anayechagua mchezo, upande wa kurusha na wakati wa kupumzika.

NAMNA YA KUANZA

Hatua ya kwanza ni kuwauliza wenyewe. Sheha na wasaidizi wake wapite nyumba kwa nyumba, na wasiishie kuzungumza na mwenye nyumba tu. Wamsikilize mwenyewe mwenye ulemavu anapenda kucheza nini, saa ngapi na pamoja na nani. Jumuiya za watu wenye ulemavu, ukiwemo Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar ulioanzishwa 1985, pamoja na jumuiya za wasioona, za viziwi, za wenye ulemavu wa akili na za wanawake wenye ulemavu, zina watu wenye ujuzi wa mambo haya na zinafaa kushirikishwa tangu mwanzo. Katika kamati itakayoundwa, wenye ulemavu wasiwe wageni waalikwa. Wawe wajumbe wenye sauti, wanawake na wanaume.

Hatua ya pili ni mahali. Kamati ichague uwanja ulio karibu na itembee njia nzima pamoja na mtu anayetumia kiti cha magurudumu na mtu asiyeona, iandike kila kizuizi. Mlango uwe na upana usiopungua sentimita 80. Panapojengwa njia ya mteremko badala ya vidato, kila sentimita 1 ya kimo ihitaji sentimita 12 za urefu. Ikiwa fupi kuliko hivyo huwa kali na humpindua mtu. Choo nacho kikaguliwe, kwani wengi hukataa kutoka kwa sababu hiyo na wakaona haya kuitaja.

Hatua ya tatu ni wakati. Siku na saa ziwe zile zile kila wiki, ili mtu azizoee na jamaa zake wajipange. Zisigongane na nyakati za sala, msimu wa karafuu wala siku za bamvua ambapo wakulima wa mwani huwa pwani. Ni bora kikao kimoja kwa wiki kinachodumu mwaka mzima kuliko tamasha moja kubwa lenye hotuba na zawadi, ambalo likimalizika kila mtu hurudi ndani.

Hatua ya nne ni usafiri. Hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Kamati iorodheshe nani atamfuata nani, kwa gari, kwa baskeli ya miguu mitatu au kwa kusukumwa, na jina la mtu huyo liandikwe. Kauli ya kwamba watasaidiana haitoshi.

Hatua ya tano ni kuchanganya. Ziko siku ambazo viziwi watataka kukaa na viziwi wenzao, na hiyo ni haki yao. Lakini kipindi kiwe pia na michezo ambayo wote hucheza pamoja. Ishara za refa zitolewe kwa kibendera pamoja na filimbi, na maelezo yawe mafupi, yenye kurudiwa na kuonyeshwa kwa vitendo, kwa faida ya wenye ulemavu wa akili na kwa faida ya watoto wote.

TAHADHARI

Mwenye ualbino asichezeshwe katika jua kali. Michezo yake ipangwe kabla ya saa 4 za asubuhi au baada ya saa 10 za jioni, au chini ya kivuli, naye avae kofia pana na nguo ya mikono mirefu. Asiyehisi miguu yake ajiinue kitini kila baada ya muda mfupi na ngozi yake iangaliwe akirudi nyumbani, kwani kidonda cha kukalia huanza bila ya maumivu. Aliyeumia uti wa mgongo huenda asitokwe na jasho, hivyo hupatwa na joto upesi na ahitaji maji na mapumziko. Baadhi ya watu wenye hali ya Down wana udhaifu wa viungo vya shingo, na wasipige mbizi, sarakasi wala mpira wa kichwa kabla ya kuonwa na daktari.

Mwenye kifafa asiingie baharini peke yake. Kikimshika nchi kavu, alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote mdomoni, na akipitisha dakika 5 apelekwe hospitali. Aidha, mtoto au mtu mwenye ulemavu wa akili asiachwe faraghani na mtu mzima mmoja. Wasimamizi wawe wawili au zaidi wakati wote, na wazazi wawe na ruhusa ya kuhudhuria.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Wako wazazi wanaosema kwamba mtoto wao atachekwa. Hofu hiyo inatokana na mapenzi, na si haki kuidharau. Hata hivyo, watoto humcheka yule wasiyemzoea. Aliyecheza nao tangu mdogo humwita kwa jina lake, na dhihaka hukosa mahali pa kukaa. Kumficha mtoto humkinga na kicheko cha siku chache, lakini humwachia upweke wa miaka mingi, na siku wazazi watakapokuwa hawapo duniani atabaki na majirani wasiomjua.

Wako pia wanaosema kwamba fedha hazipo. Ni kweli kwamba viti vya michezo ni ghali na viwanja vizuri vinahitaji bajeti, na mambo hayo yadaiwe panapohusika, katika mipango ya wilaya na ya mabaraza ya miji. Lakini mpira wa njuga, vifuko vya mchanga, jamvi, bao na kibendera havihitaji kungojea bajeti.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Maana yake ni kuwa mtu akicheza mbele ya watu wake hupata wa kumtunza na kumpa moyo. Lakini kwanza sharti apate pa kuchezea kwao. Masheha, walimu na viongozi wa vikundi wanaombwa, katika kikao kinachofuata cha kamati zao, wajiulize swali moja: katika shehia yetu, ni nani ambaye jioni ya leo anausikia mchezo kutoka ndani ya nyumba? Wayaandike majina yake na ya wenziwe, kisha waende wakawaulize wanapenda kucheza nini.